Toleo la Kibao Cheusi

Mdogo wangu aliponiletea kibao cheupe alikuwa amekifunga kwa karatasi ya kung'aa, na utepe mwekundu juu yake. Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka yote hunitumia ujumbe wa "hongera dada" na imetoka hiyo. Lakini siku hiyo alikuja mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti changu cha cherehani bila kuuliza, akasema, "Dada, fungua."

Kifaa chenyewe kina jina lake refu la dukani, ila sisi tulikiita kibao tangu siku ile. Ni kitu chembamba, chepesi, ukubwa wa daftari la shule, na kazi yake ni moja tu: kusomea vitabu. Mimi nilikuwa sijawahi kushika kitu kama hicho. Simu yangu ni ya vitufe na nitazeeka nayo.

"Kitabu chako kimo humu," akasema, akanibonyezea.

Picha ya mikono ya mama ikatokea, ile niliyoichagua mimi mwenyewe, na chini yake jina langu. Nililia. Nakiri kwamba nililia mpaka nikalowesha kitambaa cha mteja, satini ya watu, ikaacha alama.

Kitabu hicho nilikiandika nikiwa namuuguza mama. Alipigwa na kiharusi, upande mmoja wote ukalala, nikamhamishia kwangu, kwenye chumba cha nyuma ninamoshonea mapazia. Akilala, nilikuwa nafungua kompyuta mbovu ambayo mdogo wangu alikuwa ameitupa, ile ambayo herufi ya M haishiki mpaka uigonge kama msumari, naandika kwa vidole viwili. Niliandika jinsi ya kumgeuza mtu mzito bila kumuumiza. Niliandika jinsi mama alivyokuwa akilia kwa aibu kila nikianza kumwosha uso, mpaka nikagundua kwamba nikianza na miguu, taratibu, na maji ya uvuguvugu, anapata muda wa kunizoea, na nikifika usoni anakuwa ameshatulia. Niliandika na matusi aliyonitukana. Yalikuwa mengi, na mengine matamu.

Na niliandika kuhusu swali lake. Mdogo wangu ndiye kitinda mimba, na mama alimwita hivyo hivyo, Kitinda. Tangu ulimi wake uanze kuwa mzito, kila mlango ukilia alikuwa anauliza, "Kitinda amefika?" Nami namjibu, "Yuko njiani, mama." Kitinda anakaa mwendo wa basi moja tu kutoka kwangu. Alisema ana kazi nyingi. Halafu akasema ana mafua, asije akamwambukiza mgonjwa. Mafua hayo sijui aliyatoa wapi, maana hayakuisha mpaka tulipozika.

Hayo nayo niliyaandika, bila kumtukana. Nilisema tu kwamba mama aliuliza na mimi nikajibu. Mimi ni mtu wa hasira, wateja wangu wote wanajua, lakini kitabu kile nilikiandika kwa adabu. Sikutaka sifa wala kualikwa popote. Nilitaka jambo moja: pawe na mahali palipoandikwa ni nani aliyekuwepo na mama.

Kuhusu kukitoa, kazi hiyo nilimwachia Kitinda, kwa sababu ndiyo ajira yake. Kampuni yao huchukua maandishi ya watu na kuyapanga yawe vitabu vya kwenye vibao. Akanieleza, siku ile ya utepe mwekundu, huku akila karanga zangu.

"Tatizo haya makampuni hayapatani, dada. Mwenye kibao cheupe ana aina yake ya faili, mwenye kibao cheusi ana ya kwake, na kila mmoja kafunga mlango wake. Faili la cheusi ukiliweka kwenye cheupe halifunguki kabisa. Au linafunguka, unaona vidudu vidudu."

"Kwa hiyo mwenye cheupe hawezi kusoma cha mwenye cheusi?"

"Hawezi. Kuna watu wanabadilisha kienyeji, lakini sura zinarukana, picha zinapotea. Ndiyo maana mimi nakutengenezea mafaili mawili, kila duka la mtandaoni na lake. Wewe soma la kwako kwenye cheupe, hilo jingine usihangaike nalo."

Nilielewa haraka, kwa sababu na mimi nina ugomvi huo huo na madirisha ya watu. Kuna bomba la pete na kuna reli ya kulabu. Pazia la pete huwezi kulitundika kwenye reli hata ufanyeje, mpaka fundi afumue kichwa cha pazia akishone upya. Lakini ni kichwa tu. Kitambaa kinabaki kile kile, maua yale yale, hakuna anayekigusa. Nikamwambia hivyo.

Akacheka. "Dada, umeelewa kuliko bosi wangu."

Kilemba cha ukoka kikanikaa vizuri kichwani. Akaondoka na karanga zilizobaki.

Basi nikawa mwandishi. Sikujua ni watu wangapi wamenisoma, na sikuuliza. Jioni nikimaliza kushona nilikuwa nakichukua kibao changu, nasoma ukurasa wa mama, nakizima. Nilipomuuliza Kitinda kuhusu toleo la kibao cheusi, alisema, "Lipo, linaenda," kisha akaniuliza kama nimekula. Kuniuliza kama nimekula haikuwa kawaida yake, ila nilifurahi kuulizwa.

Mfamasia mmoja akaniita nyumbani kwake kupima madirisha. Duka lake la dawa nalijua, ndiko nilikokuwa nanunua dawa za mama za presha, lakini nyumbani kwake nilikuwa sijafika. Alitaka mapazia mazito ya chumba cha mama yake. Mama mwenyewe alikuwa kitandani, kiharusi vilevile, mdomo umeenda upande. Nilipoingia nilinusa ile harufu ya dawa ya kuchua na shuka lililoanikwa ndani. Nikaegemeza ngazi yangu dirishani, nikapanda haraka, nikajifanya napima.

"Mwanga wa mchana unamsumbua," mfamasia akasema. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika kibao. Kibao cheusi. "Fundi, wewe umewahi kuuguza?"

"Nimewahi."

"Basi utanielewa. Mimi nauza dawa, lakini kumwosha mama yangu mzazi nilikuwa siwezi. Ananilia. Kuna kitabu kimenisaidia sana, ngoja nikusomee kidogo."

Akasoma. "Nilianza na miguu. Miguu haina aibu. Nilipofika magotini alikuwa ameacha kulia, na nilipofika usoni alinitazama kama mtu aliyetoka kuamka."

Nilikuwa juu ya ngazi, futi mkononi. Mwili wote ukanisisimka kwa furaha, msicheke. Maneno yangu, kwenye mdomo wa mtu nisiyemjua, ndani ya chumba cha mgonjwa, yanafanya kazi. Nilitaka kuruka kutoka juu nimkumbatie. Nikatengeneza uso wa unyenyekevu, ule wanaotengeneza watu wanaotaka wabembelezwe kidogo, nikauliza, "Nani kaandika hicho?"

Akataja jina. Lilianza na jina la mdogo wangu na likaishia na la baba yetu.

"Nani?" nikauliza tena.

Akanigeuzia kibao nione. Mikono ya mama. Chini yake, jina la Kitinda, kwa herufi kubwa.

"Na si mtu wa maringo," mfamasia akaendelea. "Chini ya kitabu, kule dukani, watu tunaweza kumwandikia, na anajibu mwenyewe. Nilimwambia mama analia nikimwosha. Akaniandikia, hebu sikia: 'Anza na miguu, ndugu yangu. Mama yangu alipenda nianze na miguu. Ilikuwa safari ngumu lakini sijutii.' Nililia, fundi."

Futi ikaniponyoka, ikajikunja chini ya kitanda. Nikashuka kuichukua ili nisionekane uso. Nikiwa bado nimeinama nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, "Niazime hicho kibao. Nitakurudishia nikija kutundika mapazia."

Akasita, kisha akanipa. Alidhani nimeguswa. Alikuwa sahihi.

Njia nzima nilikuwa namtetea Kitinda. Ndivyo nilivyo, nagomba na watu huku nikiwatetea kichwani. Nikajiambia ni kosa la fomu. Labda duka la kibao cheusi lilitaka jina la aliyeleta faili, likamweka yeye. Labda na yale majibu aliyajibu kwa niaba yangu, akijua sina mtandao. Mtu na dada yake. Nikafika, nikafunga mlango wa chumba cha nyuma, nikakaa chini katikati ya vitambaa, kibao cheupe goti moja, kibao cheusi goti jingine, nikaanza kusoma mstari kwa mstari, kama nilivyozoea kulinganisha pande mbili za pazia kabla sijalikata.

Kurasa za mwanzo zililingana mpaka nukta. Nikaanza kupumua.

Kisha kwenye kibao cheusi nikakutana na sentensi ambayo sikuiandika. "Niliacha kazi nikarudi kwa mama. Dada yangu mkubwa, ambaye ni fundi, alitusaidia kushona mashuka."

Niliisoma tena. Alitusaidia kushona mashuka. Hiyo ndiyo sehemu yangu kwenye kitabu kizima. Nilitafuta nyingine sikuipata. Mikono iliyomgeuza mama ilikuwa yake, mgongo uliouma ulikuwa wake. Hata matusi aliyachukua. Mama alikuwa ameniita punda mwenye miwani siku nilipomchoma na uji, na sasa punda alikuwa ni yeye, na hata miwani havai.

Nikacheka. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Jina kuibwa ni jambo moja, lakini huyu alikuwa ameingia chumbani mwangu akaniinua kutoka pembeni ya kitanda cha mama, akakaa yeye.

Nikaendelea, maana nilijua kinachokuja. Nikafika kwenye swali la mama. Kwenye kibao cheupe, kwenye kitabu changu, imeandikwa hivi:

"Kitinda amefika?" Nikamwambia, "Yuko njiani, mama." Akageukia ukuta.

Kwenye kibao cheusi:

"Kitinda amefika?" Mlango ukafunguliwa, nikaingia na beseni la maji ya uvuguvugu. "Nimefika, mama," nikasema. "Siondoki tena." Akatabasamu kwa ule upande wa mdomo uliobaki hai.

Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nataka niseme wazi kilichoniuma, kwa sababu watu wakinisikia hudhani niliumia kwa ajili ya jina. Kilichoniuma ni lile tabasamu. Mama hakutabasamu. Mama aligeukia ukuta, na mimi ndiye niliyeuangalia mgongo wake kila siku, nikitafuta uongo mwingine wa kumwambia kesho. Mtu aliyesababisha mgongo ule ndiye aliyejipa tabasamu.

Nilimfuata kazini kwake. Sikumpigia simu, nilitaka nimkute bila kujiandaa.

Ofisi yao iko juu ya duka la rangi, chumba kirefu chenye meza zinazofanana. Kwenye meza ya Kitinda vilipangwa vibao vya kila namna, vyeupe, vyeusi, vya kijivu, kimoja kimepasuka kioo. Hivyo ndivyo anavyovipimia vitabu, anafungua faili moja kwenye kimoja baada ya kingine kuona kama limekaa sawa. Wenzake walikuwa wametoka kwenda kula. Yeye alikuwa anasikiliza kitu masikioni, anatikisa kichwa, na aliponiona akatabasamu kweli kweli.

"Dada! Umekula?"

Nikaweka kibao cheupe mezani. Pembeni yake nikaweka kibao cheusi, nimekifungua pale pale kwenye ukurasa wa mlango.

Alikisoma. Hakuhitaji kusoma kirefu, aliutambua ule ukurasa kama mtu anavyotambua nguo yake kwenye kamba ya jirani. Akavua vile vya masikioni, kimoja kimoja, akaviweka kwenye kisanduku chake.

"Umekipata wapi?"

"Hilo ndilo swali lako?"

"Dada, kaa kwanza."

"Sikai. Kwa nini ulininunulia cheupe?"

Akafuta vumbi kwenye kioo cha kibao cheupe kwa kidole.

"Nakuuliza kitu kidogo tu. Cheusi ndicho kinachonunuliwa na watu wengi, sivyo? Kila mtu ana cheusi. Kwa nini mimi ukaniletea cheupe, na utepe juu?"

"Nilijua hakiwezi kufungua lile faili jingine," akasema. Aliongea chini sana. "Nilijua hutaliona."

Basi. Nilikuwa na matusi nimeyapanga tangu kituo cha basi, ya kutosha ofisi nzima, yote yakanikauka. Mpaka pale nilikuwa bado nimebakiza kitu kimoja cha huyu mtoto, ile siku alipovua viatu mlangoni kwangu. Sasa na hiyo nikaona nilipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Zawadi pekee aliyowahi kuniletea ilikuwa kitambaa cha kunifunga macho, na mimi nililia kwa shukrani nikachafua satini ya watu.

"Sikupanga," akasema. "Nakuapia. Nilikuwa napanga kurasa tu, kazi ya kawaida. Nimemaliza faili la cheupe, safi, lako kabisa. Nikaanza la cheusi. Nikafika pale mama anauliza. Unajua anauliza mara ngapi kwenye kile kitabu, dada? Wewe umeandika kila mara. Kila mara! Hukunirukia hata moja."

"Na mama hakunirukia hata moja."

"Nikasema nitaubadilisha ule mmoja tu. Niingie mara moja. Halafu nilipoingia mlangoni, mambo ya mbele hayakukaa sawa. Kama nimeingia, nani anamwosha? Kama niko pale, wewe unafanya nini? Nikarekebisha na hapo. Na pale. Mwisho duka likauliza jina la mwandishi, na aliyebaki mle ndani alikuwa ni mimi."

Alikuwa analia sasa. Huwa analia vizuri, tangu mdogo, machozi bila makamasi. Mama alikuwa akimwonea huruma papo hapo.

"Ungekuja," nikamwambia. "Ilikuwa basi moja."

"Nilikuwa naogopa kumwona vile."

"Na mimi nilikuwa naogopa."

"Wewe hukuonekana unaogopa."

"Ungejuaje?"

Akainamisha kichwa. Vibao vyote mezani vilikuwa vimezima vioo, vinatungojea.

Nilimwambia afute. Nilitaka nione kwa macho yangu. Akaingia kule dukani kwa kompyuta, akaniuliza maneno yangu yarudi yote au abadilishe jina tu, akajiona alivyouliza. Akaliondoa lile faili. Akachukua la kibao cheupe, akalibadilisha fomati mbele yangu, kazi ya dakika chache tu, akalipandisha upya na jina langu. Akanifungulia kwenye kibao cha ofisi nihakikishe. Mama akauliza, mimi nikamwambia yuko njiani, akageukia ukuta. Nikaona kila neno liko mahali pake.

"Na walionunua lile?" nikauliza.

"Waliokwisha kulipakua, limebaki kwao. Siwezi kuingia ndani ya kibao cha mtu nikalitoe. Wengine watakuwa wamelihamisha, wamelibadilisha, wamepeana. Hilo siwezi kulifuata, dada."

"Kwa hiyo kwa hao utaendelea kumwosha mama."

"Dada..."

Nilichukua kibao cheusi cha mfamasia. Kile cheupe nilikiacha pale pale mezani, katikati ya vile vingine. Alinifuata mpaka kwenye ngazi akiniita, na watu wa duka la rangi wakatoka kuangalia. Sikugeuka.

Mapazia ya mfamasia niliyashona vizuri kuliko yoyote niliyoshona mwaka ule. Nikiwa na hasira mkono wangu hunyooka. Niliweka bitana nzito, nikapiga pindo kwa mkono, na wakati wote huo nilikuwa napanga nitakavyomwambia. Nitamrudishia kibao chake, nitasema: mwandishi si yule, ni mimi, huyo anayekujibu hajawahi kushika hata taulo la mama. Nilijizoeza kwa sauti mbele ya cherehani. Kama Kitinda hawezi kuingia kwenye vibao vya watu, mimi nitaingia kwa mlango, nianze na huyu.

Nilipofika alinifungulia akiwa amevaa gauni la kutokea, saa zile za asubuhi. Nyumba ilikuwa imefagiliwa mpaka pembeni. Nikampa kibao, nikafungua mdomo.

"Fundi, kabla hujapanda ngazi," akasema, akinishika mkono. "Ule ukurasa umeusoma? Wa mlango?"

Nikasema nimeusoma.

"Mama huwa anamuulizia mdogo wetu wa mwisho. Kila siku. Mimi namdanganya, nasema atakuja. Yuko mbali, nchi nyingine kabisa, na ni mwoga wa wagonjwa tangu utoto. Tulikuwa hatuongei, nilikuwa nimemchukia kabisa. Juzi nikampigia, sikumgombeza. Kibao ulikuwa nacho wewe, ila ule ukurasa nilikuwa nimeunakili kwenye daftari; nilimsomea tu, pale anaposema nimefika mama. Nikasikia amekata simu. Nikajua basi, ndiyo kama kawaida yake." Akaurekebisha mshipi wa gauni. "Jana akanipigia yuko mpakani, anatafuta gari."

Yale yote niliyoyajaribia kwenye cherehani nikayaacha pale mlangoni. Nikabeba mapazia nikaingia chumbani.

Mgonjwa alikuwa macho, ameangalia ukuta. Nilipanda ngazi, nikaanza kuingiza kulabu kwenye reli, moja baada ya nyingine, na chumba kikaanza kupata kivuli. Nilikuwa nimefika katikati pale nje liliposimama gari. Nikasikia begi linawekwa chini. Kitandani mama akatoa sauti yake nzito, ile ninayoijua mimi, inayoanzia mbali.

"A... mefika?"

Mlango ukafunguliwa. Akaingia kijana mrefu, hajanyoa, suruali imekunjamana kwa safari, amenuna kwa woga. Hakuwa na beseni wala zawadi. Alisimama pale mlangoni hajui pa kuweka mikono, akamwangalia mama yake mdomo ulivyoenda upande, na uso wake ukavunjika. Lakini hakurudi nyuma. Alivuka sakafu, akapiga magoti, akasema, "Nimefika, mama."

Na mama yule akatabasamu. Kwa ule upande wa mdomo uliobaki hai.

Nilishika reli kwa mikono miwili nisianguke. Sijawahi kuwa na hasira kama ile, na haikuwa tena ya kitabu. Kumbe ilikuwa rahisi hivi. Kumbe mtu anaweza kuwa mwoga, akachelewa, akaja mikono mitupu na suruali chafu, na ikatosha. Huyu alivuka mpaka. Wangu alikuwa na basi moja, na mama aliuliza mpaka ulimi ukamwisha.

Mfamasia alikuja kusimama chini ya ngazi, anafuta macho kwa kiganja. Akaninong'oneza, "Umeona, fundi? Kama kwenye kitabu kabisa."

Nikashuka mpaka nikawa sawa na sikio lake. Sikupaza sauti, kwa sababu wale wawili kitandani hawakuwa na kosa lolote. Nikamwambia kwamba kile kitabu nilikiandika mimi, kwamba mama yule alikuwa mama yangu, na kwamba kwetu ule mlango haukufunguliwa.